Mwanamke Asiyewasha Moto

Mkuu wa gombolola, mtawala wa tarafa ile, alipopita Kaisho kukagua mibuni, alikula mchana nyumbani kwa Placidius, na chakula alichokula kilipikwa na mke wa mtu mwingine. Evangelina, dada yake Placidius, ndiye aliyeitwa kutoka ng'ambo ya kijito kuja kuwasha moto, kuinjika ndizi na kuchemsha maharage. Xaveria, mwenye nyumba, alikuwa huko nyuma migombani akimenya, mgongo ameuelekeza upande wa moshi.

Mgeni akataka kumsalimu mama wa nyumba, kama ilivyo heshima. Xaveria akanawa, akaingia sebuleni palipotandikwa nyasi mpya, akapiga magoti na kusalimu vizuri kabisa. Adelgunda, mama mkwe wake, alianza kushusha pumzi. Ndipo upepo ulipogeuka, na moshi wa jikoni ukapenya dirishani. Xaveria aliinuka bila kuaga. Hakukimbia kama mtu anayeona haya. Alikimbia kama mtu anayefukuzwa, akamkanyaga mgeni mguu, akatoka, na wote wakasikia akitapika nyuma ya nyumba.

Placidius alicheka kicheko kidogo. Akaeleza kwamba mke wake yuko hivyo tangu nyumba ya zamani ilipoungua. Mkuu wa gombolola akatafuna punje zake za kahawa, akafuta kiatu, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mtu anayetaka kuwa mkungu wa kijiji, watu huanza kumpima nyumbani kwake. Litengeneze hili, Placidius."

Kila mtu Kaisho alizijua habari za moto ule. Kiangazi kilichopita, jioni moja, nyumba ya msonge ya Placidius iliteketea. Xaveria alitokea kwenye tundu alilolitoboa ukutani, mtoto wake mchanga, Deodatha, akiwa kifuani, na mkono wake wa kushoto umeungua kuanzia bega hadi kiwiko. Mvulana wake, Cassian, hakutoka. Siku ya maziko Adelgunda alisema kwamba mkwewe alisinzia na maharage yakiwa motoni, na usemi huo ukaenea. Xaveria, aliyekuwa amelala kwenye mkeka wa jirani akiugulia mkono, aliusikia kutoka midomo mingi hata naye akaanza kuuamini. Kutoka hapo watu waliacha kumwita Mama Cassian. Wakamwita Mama Deodatha, kana kwamba yule wa kwanza hakuwahi kuzaliwa.

Tangu wakati huo hakuwasha moto. Kiberiti kikipigwa karibu naye, jasho lilimtoka. Mlango ukifungwa, alikosa pumzi. Kwa hiyo alilala kizingitini, kichwa nje na miguu ndani, na wapita njia wa alfajiri walimwona hivyo. Chakula cha nyumba ile kililetwa kwenye kapu kutoka kwa Evangelina, kikiwa kimepoa, na Placidius alikila akiwa amegeukia ukuta.

*

Mama Adelgunda alivaa rozari na alikuwa hakosi misa, lakini baada ya aibu ile alimwita mganga kutoka upande wa Rwanda, akamficha kwa Evangelina mpaka padri alipoondoka kigangoni. Mganga akasema mzimu wa mtoto umemkalia mama yake. Akaagiza Xaveria aingizwe chumbani, mlango ufungwe, afukizwe majani mpaka mzimu ukohoe utoke.

Xaveria aliwaomba wasifunge mlango. Alimwomba mama mkwe kwa kumshika miguu. Adelgunda naye alikuwa analia, kwa maana hakuwa mwanamke wa roho mbaya; aliamini anamponya. Wakafunga. Majani yalipoanza kufuka, watu waliosimama mlangoni walisikia sauti ambayo hawakujua kama ni ya mtu, kisha mlango ukang'oka pamoja na fremu yake. Xaveria alitokea njiani siku ya gulio, watu wamejaa, nguo imemwangukia kiunoni, bega linavuja damu. Wanawake wakageuza nyuso. Wanaume wengine hawakugeuza.

Placidius alimkuta kwenye shamba la mtu, akamfunika koti lake, akamrudisha nyumbani. Jioni alimwambia mama yake kwamba amechoka. Njia ni mbili: ama mwanamke huyu arudishwe kwa kaka yake, kijijini Rugera, ama apelekwe Dodoma, walikokuwa wanapelekwa wendawazimu. Kumrudisha kungezua maneno na ukoo wake. Dodoma ilikuwa amri ya serikali, na hakuna anayelaumiwa kwa amri ya serikali. Lakini kwa hilo ilihitajika barua ya dresa wa zahanati.

*

Dresa aliitwa Egbert, Mlutheri kutoka Muleba, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Wakati wa vita alikuwa amehudumia wagonjwa katika hospitali ya askari. Aliwapokea Placidius na mkewe barazani, akausikiliza mlolongo wote wa Placidius: moshi, mlango, kutapika, aibu. Kisha akamuuliza Xaveria kama mkono unamuuma. Xaveria alishtuka. Ulikuwa umepita muda mrefu hajaulizwa kitu.

"Unauma," akasema.

Egbert akautazama mkono. Kovu lilikuwa limeshikana, halihitaji dawa. Hata hivyo akamwambia Placidius kwamba hawezi kuandika barua ya Dodoma kabla hajamaliza kuutibu mkono huo, na kwamba mgonjwa aletwe kila siku ya gulio. Placidius hakupenda, lakini hakumpinga mtu wa serikali.

Siku ya gulio iliyofuata, Egbert hakumwingiza Xaveria chumba cha dawa. Alimkalisha uani kwake, chini ya anga, na kwa kuwa haikuwa adabu mwanamume kuketi peke yake na mke wa mtu, alimwita mke wake Renatha aje na ungo wake wa maharage.

"Mama Cassian," alianza, na Xaveria akainua uso kwa jina hilo, "sitaki nikudanganye. Kwenye kabati langu hamna dawa ya hali yako. Ila huko vitani niliwaona askari waliokuwa hivi. Wanaume wazima, mlango ukigongwa wanaingia mvunguni. Daktari mmoja alikuwa akiketi nao, anawaambia wasimulie kilichowapata, tangu mwanzo, polepole. Wakifika pasipopitika wanaacha. Kesho wanarudia."

"Wakapona?"

"Wengine walipona. Wengine sikujua waliishia wapi."

Xaveria alitazama ungo wa Renatha. Akasema yeye hana cha kusimulia. Alilala, moto ukawaka, mtoto akafa. Alisema hivyo kama mtoto anavyosoma katekisimu. Egbert akaitikia kwa kichwa, akamuuliza siku ile aliamka saa ngapi, alilima wapi, alikula nini. Xaveria akajibu. Alikumbuka kwamba asubuhi ile Cassian aligoma kula kiporo. Alipofika hapo akanyamaza, na Egbert akasema basi, yatosha.

Ndivyo ilivyokwenda, gulio hadi gulio. Kila mara alianza asubuhi ya siku ile na kila mara alifika mbele kidogo. Mara nyingine alifika na kutetemeka hadi Renatha akaacha maharage na kumshika mabega. Mara moja alimtukana Egbert, akamwita mchawi anayekula machozi ya watu, akaondoka. Gulio lililofuata alirudi bila kuletwa na mtu. Nyumbani hali ilizidi kuwa mbaya kabla ya kuwa afadhali, na Placidius alianza kuuliza mkono huu unapona lini.

Hatimaye alifika kusimulia mchana wa siku ile. Ujumbe ulikuwa umetoka Rugera kwamba mama yake mzazi yu hoi. Alimwomba Placidius ruhusa ya kwenda. Placidius akakataa, akasema kuna kahawa ya kuanua. Walijibizana. Placidius alikuwa anakwenda kunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa Kashaija, jirani yao. Alikuwa na wasiwasi kwamba mkewe atatoroka na watoto.

"Akatoka," alisema Xaveria. "Nikainjika maharage. Nikasema, nikishamlisha Cassian nitakwenda tu, anipige nikirudi. Nikaenda mlangoni."

Renatha alijua kwamba siku zote aliishia hapo. Lakini safari hii Xaveria aliinua mikono yake yote miwili, akaisukuma hewa mbele yake, akasukuma tena.

"Haufunguki," akasema. "Umefungwa kwa nje. Kwa kamba. Nasukuma. Naita. Mgongo nimeuelekeza kwenye mafiga, nahangaika na mlango, sioni kwamba cheche imerukia nyasi za sakafuni. Cassian ndiye aliyeniambia. Aliniambia, mama, nyasi zinawaka."

Maharage yalikuwa yamemwagika kwenye mapaja ya Renatha na hakuyaokota. Egbert hakuuliza ni nani aliyefunga. Hakukuwa na haja.

"Sikuwa nimelala," alisema Xaveria. Alilisema neno hilo kwa mshangao, kama mtu aliyekuta kitu chake kwenye nyumba ya mwizi. "Nilikuwa macho. Nilitoboa ukuta kwa panga, nikamtoa mdogo, nikarudi kumchukua Cassian. Paa likashuka. Sikuwa nimelala hata kidogo."

Alilia mpaka akachoka, kisha akalala palepale kwenye mkeka wa Renatha, mchana kweupe, kuku wakimpitia miguuni. Renatha alimfunika, akakaa naye mpaka alipoamka.

*

Kupona hakukuja siku moja. Alianza kwa kuukalia moto wa Renatha kwa mbali, akasogea kila gulio, mpaka akaweza kugeuza ndizi chunguni. Kisha akaomba kiberiti. Alivunja njiti nyingi. Mojawapo iliwaka, akaishika mpaka ikamchoma ncha ya vidole, akaitupa, akacheka kwa hofu.

Siku alipowasha moto nyumbani kwake, Adelgunda aliutazama moshi ukipanda juu ya paa la jiko, akapiga goti hapohapo shambani. Placidius alikula chakula cha moto cha mkewe, akasema kina chumvi ya kutosha. Lilikuwa neno zuri la kwanza tangu maziko. Xaveria alimtazama akila. Alingoja. Alidhani mtu huyu, sasa anapomwona mzima, atasema mwenyewe. Usiku baada ya usiku alingoja, na Placidius alizungumza habari za cheo cha ukungu, maana mkuu wa gombolola alikuwa ameshasikia kwamba nyumba imetengenea.

Egbert alikuwa amemwonya. Alimwambia kwamba ugonjwa wake ameutoa na hiyo yatosha. Mengine ni ya baraza, na baraza ni la wanaume. Xaveria alimwuliza kama wale askari waliopona waliambiwa pia wafunge midomo. Egbert akainuka, akarudi kwenye kabati lake la dawa.

Rubisi ya kumpongeza Placidius kwa kupewa ukungu ilipikwa mwisho wa masika. Walikuja wazee, mkuu wa gombolola, majirani, watu wa kigango. Xaveria alipika, akahudumia, akasifiwa. Yote yangepita salama kama Adelgunda, kwa furaha yake, hangesimama kumshukuru Mungu mbele ya watu. Alimshukuru kwa ukungu wa mwanawe, akamshukuru kwa kumrudishia mkwewe akili, kisha akamgeukia Xaveria kwa upole wa kweli.

"Na sasa mwanangu, ukiinjika maharage, usilale tena."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioshiba. Xaveria aliweka chini kibuyu alichokuwa amebeba.

"Mama," alisema, "sikuwa nimelala. Mlango ulifungwa kwa nje. Mwanao aliufunga kwa kamba ili nisiende kumwona mama yangu."

Hakupaza sauti. Labda angepiga kelele ingekuwa rahisi kwao. Placidius alibaki ameshika mrija wake mdomoni, hanyonyi wala hautoi. Xaveria akamgeukia mzee Kashaija, aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye moto ule, akamwambia kwa heshima zote:

"Mzee wangu, wewe uliikata ile kamba kwa kisu chako, nikakuona. Ulikuwa umechelewa, lakini uliikata. Waambie."

Kashaija alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na shamba lake lilipakana na la mkungu mpya. Alitazama watu, akatazama ndani ya kibuyu chake.

"Kulikuwa na moshi mwingi siku ile," alisema. "Sikuona vizuri."

Mkuu wa gombolola akaaga mapema. Adelgunda akasema kwa sauti ya kuvunjika kwamba wazimu umerudi, tena umerudi na ulimi. Hilo ndilo lililoshikwa. Alipokuwa haongei na anatapika nyuma ya nyumba, walimwonea huruma. Sasa anaongea vizuri, anapika vizuri, analala vizuri, ndipo wakamwogopa.

*

Hakupelekwa Dodoma. Egbert alikataa kuandika kwamba mtu mzima ni mwendawazimu, na kwa ajili hiyo ilisemwa Bukoba kwamba dresa wa Kaisho anakalisha wake za watu uani kwake. Renatha alikwenda kwa mkuu wa gombolola kueleza kwamba yeye alikuwapo siku zote. Akaambiwa mke lazima amtetee mumewe. Kabla ya mavuno ya kahawa walikuwa wameshahamishwa. Waliondoka na mizigo yao juu ya lori, na Xaveria hakupata kuwaaga, kwa sababu wakati huo alikuwa amekwisha rudishwa Rugera.

Alirudi kwa kaka yake na nguo alizovaa. Deodatha alibaki, maana mtoto ni wa baba. Adelgunda ndiye aliyembandua kifuani kwa mama yake, na alipokuwa akimbandua alisema, bila kumtazama, kwamba atamlea vizuri. Xaveria alijua atamlea vizuri. Mama yake mzazi alikuta ameshazikwa zamani, mgomba umeota karibu na kaburi.

Kaka yake alimpa kipande cha shamba na kibanda. Alilima, akauza maharage, akafunga mlango wake usiku kwa mkono wake mwenyewe na kulala. Wanawake wa Rugera wenye mambo yao walianza kumjia, mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuazima jembe. Aliwakalisha nje, akawauliza siku ile waliamka saa ngapi. Wengine walipata nafuu. Mmoja alirudi kwa mumewe na kuuawa, na Xaveria alikaa siku nyingi hawezi kumsikiliza mtu.

Miaka ikapita. Mchana mmoja alimwona mwanamume akija njiani, amemshika mkono msichana mdogo aliyevaa gauni la shule ya misheni. Hakumtambua mara moja. Mkungu Placidius alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayefanya kazi kwenye moshi. Xaveria alimtazama mtoto, akaihesabu miaka.

Akawakaribisha. Wakaketi nje. Placidius alimwambia mtoto amwamkie, na Deodatha akasema shikamoo kwa sauti ndogo, akajificha nyuma ya baba yake. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amesimuliwa habari za mwanamke aliyesinzia.

Placidius alizungumza habari za mvua, za bei ya kahawa, za mama yake ambaye sasa hatembei. Mwishowe akasema kwamba halali. Akifumba macho anasikia mlango unasukumwa. Amekwenda kwa padri, amekwenda kwa waganga wa Rwanda na wa Buganda. Alisikia kwamba watu wanakuja hapa kwake.

"Wewe ulipona," akasema. "Ulifanyaje?"

Xaveria hakufurahi, ingawa kwa miaka aliwahi kudhani angefurahi. Aliona mgonjwa, na ugonjwa wenyewe aliujua vizuri.

"Nilisema," akajibu. "Basi. Nilisema kama ilivyokuwa, mbele ya watu walionisikiliza."

"Nikisema, ukungu unakwisha."

"Ndiyo."

"Na mama yangu atakufa kwa aibu."

"Labda. Basi usiwaambie watu wote. Mwambie huyu." Akamwonyesha Deodatha kwa kidevu. "Mmoja tu. Mimi nitaketi hapa nawe mpaka umalize."

Placidius alimtazama binti yake. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaifuta vumbi lisilokuwapo. Xaveria alingoja kama alivyojifunza kungoja, mikono mapajani, bila kumsukuma. Mtoto aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha Placidius akaivaa kofia yake, akainuka.

"Jua limekwenda," akasema. "Twende, Deodatha."

Xaveria alijua kwamba hataletewa tena mtoto huyu. Alichuchumaa, akauweka uso wake sawa na uso wa mtoto, asimguse.

"Mimi ndiye mama yako," alimwambia. "Siku ile sikuwa nimelala. Likumbuke hilo tu, mengine utayauliza ukiwa mkubwa."

Deodatha alimtazama mkono wenye kovu, akamtazama machoni. Baba yake alimvuta taratibu, wakaondoka.

Walipofika kwenye kona ya migomba, mtoto alisimama. Sauti yake ilifika mpaka kwenye kibanda, nyembamba, haina lawama.

"Baba, kumbe hakuwa amelala?"

Xaveria alisimama uani, akatega sikio. Alisikia majani ya migomba, alisikia mbuzi wa kaka yake, alisikia nyayo zikianza tena kutembea, kubwa na ndogo. Aliendelea kusikiliza mpaka nyayo zenyewe zikapotea, na Placidius alikuwa bado hajajibu.